Gesi ya Maji Katika Mabomba ya Makomeno

Jikoni mwetu Makomeno, mtaa mmoja wa Lubumbashi, karibu na sinki, kulikuwa na bomba jembamba lililotokeza ukutani na kuishia kwenye kifuniko cha shaba. Kifuniko kilikuwa kimepakwa rangi mara nyingi hadi kikafanana na uvimbe wa ukuta wenyewe. Siku nilipoingia nyumba ile, bado nina hina mikononi, nilidhani ni bomba la maji. Mume wangu alicheka. Aliniambia kwamba zamani, wakati Wabelgiji wakikaa mtaa ule, gesi ya makaa ya mawe ilikuwa ikipitishwa chini ya barabara kutoka upande wa viwanda hadi kwenye majiko yao, na kwamba ilifungwa sisi tukiwa bado hatujaanza shule. Mabomba waliyaacha ardhini. Mimi nikatundika pale kitambaa cha kupangusia vyombo na sikulifikiria tena.

Nilitoka komini Kenya, sehemu nyingine ya mji huohuo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa ukoo wa Maniema, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mume wangu alikuwa kijana wa msikiti wetu, lakini alikuwa amesoma chuo kikuu na Kampuni ya migodi ya shaba ilikuwa imempa nyumba yenye ua, bafu la ndani na veranda. Magari ya harusi yalipita barabara yote ya soko yakipiga honi. Wanawake waliokuwa wakiuza mboga walisimama kunipungia mikono. Tangu siku ile watu wa Kenya waliniita Madamu, hata wale walionizidi umri, nami sikuwakataza.

Kisha Kampuni ikaanguka. Sijui niseme ilianza siku gani. Mgodi mkubwa ulibomoka ndani kwa ndani, askari wakapora maduka ya mjini na raia wakafuata nyuma yao, viwanda vikazimwa kimoja baada ya kingine, na mshahara ukawa kitu cha kusikia kwa wengine. Wanaume wa Makomeno walitoka kila asubuhi na mikoba yao kana kwamba wanakwenda kazini, halafu unamkuta mtu amekaa chini ya ukuta wa posta, mkoba juu ya magoti. Wake zao walipanda treni kwenda Sakania, mpakani, kutafuta unga wa Zambia. Mimi nilianza kukaanga mikate ya mafuta.

Sikuiuza Makomeno. Niliona haya majirani kuniona na beseni kichwani. Nilitembea hadi Kenya na kukaa sokoni, nikidhani huko ni kwetu na mtu haoni haya kwao. Nilikosea. Wale wanawake wa mboga walikuwa bado wapo, na waliponiona nikitandika gunia kando yao walisogea tu kunipa nafasi. Mmoja aliendelea kuniita Madamu, kwa heshima ileile, na kila alipolitaja jina hilo nilitamani ardhi ipasuke.

Kitu kimoja tu hakikupungua: umeme. Mabwawa yaliendelea kuzungusha mashine zake kama zamani, na vile viwanda vilivyokuwa vikiumeza umeme wote vilikuwa vimelala. Mume wangu alifanya kazi katika karakana ya kupasua maji. Ndivyo nilivyoiita mimi. Kulikuwa na mapipa ya chuma yenye maji yaliyochanganywa na potasi, umeme unapitishwa ndani, na maji yanaachana: upande mmoja inatoka oksijeni, upande wa pili hidrojeni. Oksijeni walipewa mafundi wa kuchomelea na hospitali. Hidrojeni ilitumika kusafisha unga wa madini. Sasa madini hayakuwepo, na hidrojeni ilikuwa ikiachiliwa angani.

Jambo hilo lilimkera mume wangu, na lilimkera zaidi mwenzake. Huyo mwenzake alikuwa injinieri kama yeye. Walisoma darasa moja, waliajiriwa siku moja, na nyumba zao zilitazamana, mlango kwa mlango, barabara ikiwa katikati. Asili yake ilikuwa jimbo la Kasai. Babu yake aliletwa huku Katanga kujenga reli, naye alizaliwa Lubumbashi na baba yake pia alizaliwa Lubumbashi. Mimi nilimwita shemeji. Mkewe, aliyenitangulia kuzaliwa, nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kupika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese kama watu wa mjini, na mimi nilimfundisha pilau.

Mchana mmoja wanaume hao walikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nimelalamika kuhusu makala, yaani makaa ya kupikia. Wauzaji walikuwa wakiyaleta mjini kwa baiskeli, magunia matatu juu ya baiskeli moja, na kila mwezi walisema wametoka mbali zaidi kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Shemeji aliacha kula. Alinyoosha kidole kuelekea kile kitambaa changu cha vyombo.

“Ile gesi ya Babeleji, nusu yake ilikuwa hidrojeni,” alisema. “Mabomba inaijua kitambo.”

Mume wangu alitazama ukuta, akamtazama mwenzake, na nikajua kwamba nimewapoteza wote wawili.

Mkubwa wa karakana aliyebaki aliwaruhusu, nadhani kwa sababu hakuna tena aliyekuwa akimwomba ruhusa ya jambo lolote. Kiangazi kizima walikuwa mitaroni. Mabomba ya zamani yalikuwa mazima, mume wangu alieleza, lakini maungio yake yalikuwa yamezibwa kwa katani na madini ya risasi, na katani ilikuwa imekauka. Hidrojeni ni nyepesi kuliko kitu chochote, inapenya pale ambapo gesi nyingine isingepenya, na haina harufu ya kukuonya. Kwa hiyo walifukua kila ungio, wakalikaza, wakapitisha hewa ndani na kupaka povu la sabuni juu yake. Povu likifura, kuna tundu.

Sabuni ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeinunua kwa mikate, na niliikuta ikipungua kipande kwa kipande hadi nikaanza kuificha ndani ya sufuria. Watoto wa mtaa waliwapa jina, Bainjinieri ba Sabuni, na wakubwa wakalichukua. Siku moja nilikuwa nikitoka sokoni, beseni tupu kichwani, na nikamkuta mume wangu amepiga magoti ndani ya mtaro mbele ya nyumba ya kona, amevaa suruali ya suti yake ya harusi kwa kuwa nyingine zilikuwa zimechanika. Jirani wa nyumba ile alisimama juu yake akila muhindi wa kuchoma. Jirani huyo alikuwa karani wa Kampuni zamani, na sasa aliuza petroli kwa chupa mbele ya ua wake. Aliniita ili wote wasikie, akasema nimwangalie bwana wangu vizuri, maana chuo kikuu kilikuwa kimemfikisha shimoni. Wapita njia walicheka. Mume wangu alicheka pia. Alinisalimu kwa furaha, povu hadi kwenye viwiko, akaniambia ungio lile limeshika. Niliitikia chinichini na kupita haraka. Njia nzima hadi mlangoni nilihisi macho ya watu mgongoni.

Walianzia kwetu. Ilikuwa mwezi wa joto kali, kabla ya mvua. Mume wangu aliwaalika majirani wote waje kuona, nami nilimwomba kwanza tujaribu wenyewe, lakini alisema jambo lililofanywa barabarani mbele ya watu wote lazima limalizwe mbele ya watu wote. Jikoni palijaa. Dada yangu alikuja kutoka Kenya. Karani wa kona alisimama karibu kabisa na jiko.

Mara ya kwanza moto uliruka nyuma ndani ya kichwa cha jiko kwa kishindo, na watu wakakanyagana wakitafuta mlango. Shemeji alikuwa tayari. Alibadilisha kichwa, akaweka kingine alichokitoboa matundu madogo kama ya sindano, kwa maana moto wa hidrojeni una mbio na kwenye matundu makubwa unarudi ndani. Mume wangu akawasha tena. Ukasikika mlio mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Na hatukuona kitu.

Jua lilikuwa likiingia dirishani. Juu ya jiko palikuwa patupu. Watu waliinama, wakatazama pembeni, wakatazamana.

“Moto iko wapi?” aliuliza karani.

Alipouliza hivyo nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Dada yangu aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakitetemeka. Nilikumbuka sabuni, mitaro, suti ya harusi, miezi yote niliyopita na beseni nikijifanya sisikii, na sikujua nitazame wapi. Mume wangu alikuwa akijaribu kueleza kwamba moto wa hidrojeni hauna rangi mchana, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Karani alinyoosha mkono kuonyesha kwamba hapakuwa na kitu. Yaya aliushika mkono wake ukiwa njiani na kuurudisha kwa nguvu, kama mama anavyomrudisha mtoto.

Shemeji aliniomba chumvi. Nilimpa kopo. Alichukua kidogo kwa vidole na kuitawanya juu ya jiko, na pale patupu ukasimama moto, wa manjano, mrefu kama mkono, umezunguka jiko zima. Ulikuwa pale wakati wote. Hakuna aliyecheka tena. Karani aliutazama mkono wake.

Tulichemsha chai na kila mtu alikunywa. Kabla mvua hazijakolea, nyumba zote za mstari wetu na za mstari wa yaya zilikuwa na gesi, pamoja na zahanati ya mtaa, ambako muuguzi aliitumia kuchemshia vyombo vya kuzalishia. Waume zetu walitoboa matundu kwenye kuta, juu kabisa chini ya dari, kwa sababu hidrojeni ikivuja inapanda na lazima ipate njia ya kutoka. Yaya alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha wanawake: dirisha la juu lisifungwe hata wakati wa baridi, na kabla ya kusogeza mkono karibu na jiko, chumvi kwanza. Alikuwa na subira kuliko mimi. Alikwenda hadi kwa karani, akakaa na mkewe siku nzima.

Mimi nilikaanga mikate yangu bila moshi. Macho yaliacha kuniwasha. Watu waliokuwa wakisema Bainjinieri ba Sabuni sasa walisema jina hilo kwa majivuno, kwamba Makomeno kuna moto wa maji, na wageni waliletwa kuuona. Muda huo mfupi sikuona haya kuwa mke wa mtu yule. Nausema kwa sababu ni muda huo ndio unaonisumbua zaidi kuliko ule wa sabuni.

Maana wakati sisi tukichemsha chai, mjini yalikuwa yakisemwa maneno. Wakubwa waliyasema mikutanoni na redio ikayarudia: kwamba Kampuni ilianguka kwa sababu ya wageni, kwamba kazi na nyumba za Katanga zimeliwa na watu wa Kasai, na kwamba warudi kwao. Waliitwa wadudu. Neno hilo nilianza kulisikia sokoni, halafu kwenye foleni ya mkate, halafu likasemwa kwenye veranda yangu na mwanamke aliyekuja kuazima chumvi ya jiko. Nilimpa chumvi. Komini Kenya nyumba zilianza kuchomwa. Dada yangu alikuja kunihadithia, naye alikuwa amebadilika sauti. Alisema jirani yake wa miaka yote alitolewa akiwa na khanga moja na sufuria.

Kwetu haikuwa kwa kelele. Ilikuwa asubuhi. Karani wa kona alivuka barabara, kofia mkononi, akabisha kwa yaya. Nilikuwa verandani nikichambua mchele na nilisikia yote. Alizungumza kwa adabu. Alisema vijana wanakuja, wanatoka mtaa kwa mtaa, na ingekuwa vema familia iondoke yenyewe kabla hawajafika, ili mtaa usiharibike. Nyuma yake walisimama majirani wengine, wanawake na wanaume. Wote niliwajua. Wote walikuwa wakipika kwa gesi.

Mtu alikwenda kuwaita waume zetu karakana. Walikuja pamoja wakiwa na ovaroli. Shemeji alisimama kwenye geti lake, akawatazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama karani.

“Baba, mimi nilizaliwa hospitali ya hapa,” alisema.

“Najua,” karani alimjibu. “Hata mimi inaniuma. Lakini muende.”

Mume wangu alivuka barabara na kusema kwamba shemeji na watu wake wataingia kwetu, na atakayewataka apite kwake kwanza. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Baadhi ya majirani waliangalia chini. Lakini shemeji alikataa. Alimvuta mwenzake pembeni, karibu na mimi, na kumweleza kama mtu anayeeleza hesabu. Vijana walikuwa wakichoma nyumba wanazokuta zimeficha watu. Wakiitia moto nyumba yetu, bomba la jiko litapasuka, na gesi iliyomo bombani itaulisha moto ule. Nyumba za pembeni zitafuata, na watoto wamo ndani. Hakuna muda wa kukimbilia karakana kufunga valvu na kuyamwaga mabomba yote.

“Hatuwezi kukaa,” alisema. “Mutaa itaungua.”

Waliondoka ili mtaa uliowafukuza usiungue. Jambo hilo majirani hawakulijua siku ile. Yaya alikuwa na maharage jikoni. Aliingia ndani, akafunga bomba la gesi, akaifunga sufuria kwa kitambaa maharage yakiwa bado magumu, akaibeba. Watoto walibeba nguo. Shemeji alibeba godoro kichwani, na mume wangu akambebea masanduku mawili, na hivyo ndivyo walivyotembea hadi stesheni, mchana kweupe, katikati ya barabara.

Walikaa stesheni majuma mengi kwa sababu treni hazikutosha watu. Maelfu ya watu walikuwa pale, kwenye majukwaa, kwenye uwanja wa nje, chini ya maturubali, na mvua ilikuwa imeanza. Nilipeleka chakula kila nilipoweza. Mara ya kwanza nilizunguka muda mrefu bila kumwona yaya, na watu niliowaruka miguu walinitazama, nikiwa na nguo safi na beseni la bukari, yaani ugali, na samaki, na nadhani walijua ni mtu wa namna gani anayekuja pale na kuondoka jioni kwenda nyumbani kwake. Nilipompata alikuwa akikausha shuka juu ya reli. Alinishukuru, akagawa chakula kwa watoto na kwa bibi mmoja asiye ndugu yake. Mimi nilianza kulia. Ndiye aliyenishika bega na kunibembeleza, yeye aliyelala sakafuni, mbele ya watu wote, na sikuweza kunyamaza.

Akaniuliza nani anakaa nyumbani kwake. Nilimwambia ukweli, kwamba mpwa wa karani wa kona alihamia jioni ileile na mumewe na mtoto mchanga.

“Anapika kwa jiko yangu?”

Nilisema ndiyo. Yaya alifikiri kidogo.

“Umwambie asifunge dirisha ya juu. Hakuna aliyemufundisha, na iko na mutoto.”

Nilirudi Makomeno na kugonga mlango ule niliozoea kuingia bila kugonga. Yule binti alifungua kidogo tu, nadhani aliogopa nimekuja kumtukana. Dirisha la juu lilikuwa limefungwa na limezibwa kwa gazeti kwa sababu ya mvua. Nilimweleza hatari yake, nikamwonyesha jinsi ya kutumia chumvi. Alinishukuru sana. Aliniuliza nimeyajuaje yote hayo, nami nikamwambia ni mwenye nyumba aliyemtumia salamu. Hapo akaacha kunitazama usoni. Gazeti alilitoa.

Siku treni yao ilipoondoka, shemeji alipata nafasi ndani ya behewa la mizigo, mlango wazi, miguu ikining'inia. Mume wangu alisimama chini yake. Nilidhani wataagana kwa maneno makubwa. Walizungumza juu ya pipa la pili la karakana, ambalo lilikuwa likivuja potasi, na shemeji alikuwa akimweleza ni gasketi ipi ya kukata na kwa mpira gani wakati behewa lilipoanza kusogea. Mume wangu alitembea nalo akiitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, kisha akakimbia kidogo, kisha akasimama.

Alijaribu kuendelea peke yake. Lakini kazi ile ilitaka mtu mmoja karakana akiangalia mashine na mwingine mtaani akiangalia maungio, na hakumwamini mtu mwingine kuachiwa gesi isiyo na harufu na moto usio na rangi. Alikonda. Siku moja aliwaita majirani kwenye veranda yetu na kuwaambia atafunga. Walinung'unika. Walisema anawaadhibu. Muuguzi wa zahanati alimsihi, na huyo peke yake ndiye aliyemwomba radhi kwa yaliyompata mwenzake. Karani alisema kwa upole uleule kwamba hawezi kuwanyima watu moto kwa sababu ya siasa.

“Hii kazi iko ya bantu babili,” mume wangu alijibu. “Mumoja mulimufukuza.”

Mimi niliyesimama na sinia la chai sikujua nimpe nani. Yeye na muuguzi walipita nyumba kwa nyumba wakifungua madirisha na kuacha gesi iliyobaki itoke, kisha akafunga valvu kuu.

Mabomba hayakudumu. Chuma chakavu kilikuwa kikitafutwa, na risasi ya maungio ilitafutwa zaidi. Karani alikuwa wa kwanza kufukua mbele ya nyumba yake, na baada yake mtaa mzima ukachimba, watu walewale, mahali palepale ambapo udongo ulikuwa bado laini kwa sababu ya kazi ya mwaka uliopita. Mume wangu alikaa verandani akiwatazama. Mara moja tu alinyanyuka, kumwonya mtu kwamba pale alipo kuna kebo ya umeme na asipige sururu kwa nguvu. Mwishowe mvua zilipozidi na mikate haikuuzika, tulichimba na letu. Unga tulioula majuma yale ulitoka kwenye bomba. Nilipokuwa nikiusonga nilifunga mlango wa jikoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Shemeji hakuishi muda mrefu huko Kasai. Alifundisha kemia katika shule moja, bila maabara, akaugua. Habari zilitufikia kwa mfanyabiashara, zikiwa zimechelewa hata kwa arobaini. Mume wangu alisikiliza, akaenda kunawa mikono, akarudi akakaa. Yeye mwenyewe alikuja kuwa mwalimu pia.

Miaka mingi ikapita. Majuzi, sisi tukiwa wazee, mume wangu alialikwa kwenye mkutano hotelini, na kwa kuwa hatembei tena vizuri nilikwenda naye. Binti mmoja injinieri, aliyetoka Kinshasa, alionyesha picha ukutani. Alisema dunia sasa inatafuta hidrojeni ya kijani, inayotengenezwa kwa maji na umeme wa maporomoko, na kwamba nchi zenye mabomba ya gesi ya zamani zina bahati, maana si lazima kuchimba upya. Unaweza kuichanganya kidogo kidogo na gesi iliyopo, au kuyatengeneza mabomba yaibebe yenyewe. Alizungumza vizuri. Mwisho akauliza, kwa namna ya kutania, kama kuna mtu aliyewahi kusikia habari za mabomba ya gesi Lubumbashi.

Mume wangu aliinua mkono. Alieleza yote akiwa amekaa: katani, risasi, povu, matundu ya sindano, chumvi. Yule binti alikuwa na furaha ya kweli, aliuliza maswali mengi, kisha akauliza kitu gani kiliwashinda. Ni kuvuja? Ni msukumo wa gesi? Mume wangu alisema alikuwa na mwenzake, na mwenzake aliondoka. Binti akauliza kama alipata kazi nje.

Mume wangu aligeuka kunitafuta.

“Tulimfukuza,” nilisema kutoka nyuma. “Sisi majirani zake. Alikuwa mtu wa Kasai.”

Mzee mmoja wa safu ya mbele alikohoa. Wengine wa rika letu walitazama makaratasi yao. Yule binti, ambaye labda hakuwa amezaliwa wakati ule, alisema pole, kisha akamwomba mume wangu arudie habari ya vichwa vya jiko. Baadaye kulikuwa na chakula kizuri. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye meza yetu.

Namba ya yaya nilipewa na mtu wa parokia yake. Nilikuwa nayo muda mrefu bila kuipiga. Baada ya mkutano ule nilipiga. Sauti yake ilikuwa ya bibi kizee, kama yangu. Tulisalimiana kwa watoto, kwa wajukuu, kwa magonjwa. Nilimhadithia mkutano na aliniuliza kama vijana hao wanajua kwamba matundu lazima yawe madogo. Nilimwambia wanajua sasa. Halafu nikamwambia nilichompigia, kwamba naomba samahani.

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

“Ile samahani haiko yako peke yako, mudogo wangu,” alisema. “Siwezi kuipokea kwako peke yako.”

Hakusema kwa hasira. Tuliongea kidogo juu ya bei ya unga huko na huku, tukaagana. Mume wangu alikuwa verandani. Nilimwambia yaya anamsalimu, naye akauliza kama Kananga, huko Kasai, mvua zimeanza. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.